Dengu, Vumbi na Dhahabu: Protini za Mimea katika Utafiti wa Saratani

Mkulima wa Kishapu, mkoani Shinyanga, hupanda dengu mvua zinapoelekea ukingoni, akitegemea unyevu uliobaki katika udongo mweusi wa mbuga. Choroko, kunde, karanga, alizeti na pamba ni mazao mengine ya mkoa huo ambayo mbegu zake zina protini nyingi. Upande wa magharibi, kuanzia Kahama hadi Geita, ardhi ya Kanda ya Ziwa hutoa dhahabu. Watu wa maeneo haya mawili ni walewale: kijana aliyevuna dengu huweza kuonekana miezi michache baadaye akishuka kwenye duara la Nyarugusu, au akisimama kando ya karasha linalosaga mawe. Shamba na mgodi hukutana katika mwili wake. Mazao huingia kwa mdomo, vumbi huingia kwa pua.

Katika miaka ya karibuni, protini za mbegu kama hizi zimechunguzwa katika maabara za nchi nyingi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba protini hizo zikivunjwavunjwa huonyesha uwezo wa kuzima kemikali zinazoharibu seli. Ya pili ni kwamba vipande vyake vinaweza kutumika kubeba dawa za saratani ambazo haziyeyuki vizuri katika maji. Habari hizi zinapofika mitaani na minadani, mara nyingi hubadilika sura, na anayezisikia huelewa kwamba kuna unga wa protini unaosafisha mwili wa mchimbaji au kuponya saratani. Kwa mgonjwa, gharama ya kuamini hivyo ni kubwa kuliko bei ya kopo la unga, kwa sababu muda anaoupoteza akisubiri unga ufanye kazi ndio muda ambao uvimbe wake ungeweza kutibika.

Makala haya yanaeleza yaliyothibitishwa na yasiyothibitishwa kuhusu protini hizi, na yale ambayo mgonjwa na mhudumu wa afya wanaweza kuyafanya leo.

Vumbi, zebaki na uharibifu wa seli

Seli hai hutumia oksijeni, na katika kuitumia huzalisha molekuli zenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Molekuli hizo huitwa radikali huru. Zikiwa kidogo zina kazi muhimu, kwani hata chembe nyeupe za damu huzitumia kuulia vijidudu. Zikizidi, hunyakua elektroni kutoka katika utando wa seli, katika protini na katika vinasaba. Uharibifu wa vinasaba usiporekebishwa, unaweza kuwa hatua mojawapo katika safari ndefu inayoishia kwenye saratani. Vitu vinavyoweza kuzituliza radikali hizo kwa kuzipa elektroni huitwa vizuia-oksidisho.

Kazi ya mgodini huongeza mzigo huo. Jiwe lenye dhahabu linapochorongwa au kusagwa hutoa vumbi laini la silika. Chembe ya silika iliyopasuliwa upya huzalisha radikali huru kwenye uso wake. Inapofika ndani kabisa ya mapafu, humezwa na seli za ulinzi. Seli hizo hushindwa kuisaga, hufa, na kumwaga kemikali zinazochochea uvimbe na makovu. Ugonjwa unaotokea huitwa silikosisi, nao huongeza pia uwezekano wa kupata kifua kikuu. Mwaka 1997, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la silika katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa injini za dizeli uliingizwa katika kundi hilo mwaka 2012. Arseniki, ambayo huambatana na dhahabu katika miamba mingi na huweza kufikia vyanzo vya maji, nayo imo.

Zebaki ina njia yake. Zebaki ya majimaji inayotumiwa na wachimbaji wadogo haimo katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, na ni vema jambo hilo lisemwe wazi, kwa sababu wagonjwa wengi huamini kinyume chake. Madhara yake makubwa hutokea katika mfumo wa fahamu na katika figo: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kumbukumbu kupungua, mwendo kuyumba. Uchunguzi wa afya uliofanyika Rwamagasa, Geita, mwaka 2003 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu waliokuwa wakichoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu walikuwa na dalili na vipimo vya kuashiria sumu hiyo.

Ndani ya seli, zebaki hushikamana na salfa. Hapo ndipo inapokutana na glutathioni, molekuli ndogo iliyoundwa kwa asidi amino tatu: glutamati, sisteini na glisini. Glutathioni ni mojawapo ya vizuia-oksidisho vikuu ambavyo mwili hujitengenezea, na sisteini yake ina salfa ambayo zebaki huikamata. Kadiri zebaki inavyoongezeka, ndivyo akiba ya glutathioni inavyopungua. Jambo la kuzingatia ni kwamba glutathioni yenyewe ni kipande kifupi cha asidi amino, yaani peptidi, na mwili huijenga kutokana na protini ya chakula. Basi wazo la kupambana na radikali huru kwa peptidi halikubuniwa na maabara. Mwili umekuwa ukifanya hivyo tangu zamani.

Katika machimbo mengi kuna imani kwamba maziwa huondoa vumbi na zebaki mwilini. Imani hii ina chembe ya ukweli. Katika huduma ya kwanza ya zamani, mtu aliyemeza chumvi ya zebaki alipewa maziwa au ute wa yai, kwa kuwa protini huishika zebaki ikiwa bado tumboni. Mchimbaji, hata hivyo, haimezi zebaki. Huivuta kama mvuke inapochomwa. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini kupitia mapafu, ilhali zebaki ya majimaji inayomezwa hufyonzwa kwa chini ya asilimia 0.01. Maziwa yako tumboni na sumu imepita mapafuni. Ni chakula kizuri, lakini sumu hiyo hayakutani nayo.

Mfano huo wa maziwa unastahili kukumbukwa katika sehemu zinazofuata. Mara nyingi swali gumu kuhusu protini za mimea huwa ni kama zinafika mahali penye tatizo, na zikifika, ni kwa kiasi gani.

Protini inapovunjwavunjwa

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliokunjwa na kujiviringa. Katika dengu, mnyororo huo huwa na mamia ya asidi amino, na sehemu nyingi zenye uwezo wa kutoa elektroni zimefichwa ndani ya mikunjo. Watafiti huanza kwa kusaga mbegu, kuondoa mafuta, kisha kuitenga protini kwa kubadilisha uchachu wa maji. Baada ya hapo huongeza vimeng'enya, na kimojawapo kinachotumika sana hutokana na bakteria aitwaye Bacillus licheniformis. Mchanganyiko huwekwa katika joto la kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, na vimeng'enya hukata mnyororo vipande vipande. Zao la kazi hiyo huitwa hidrolisati ya protini.

Vipande vifupi, vingi vikiwa na asidi amino kati ya 2 na 20, ndivyo huonyesha nguvu zaidi katika vipimo. Asidi amino kama histidini, tirosini, triptofani, methionini na sisteini, zikiwa wazi baada ya kukatwa, huweza kutoa elektroni au kuzishika chembe za chuma na shaba ambazo huchochea uundwaji wa radikali. Katika kipimo kimoja kinachotumika mara nyingi, kimiminika cha rangi ya zambarau chenye radikali huchanganywa na hidrolisati. Radikali zikitulizwa, rangi hugeuka kuwa manjano. Dengu, soya, kunde, karanga na alizeti zote zimetoa hidrolisati zenye uwezo huo.

Teknolojia hii si ngeni hospitalini. Maziwa ya watoto wenye mzio wa protini ya ng'ombe yametengenezwa kwa protini iliyokatwakatwa tangu miaka ya 1940. Wala si ngeni jikoni. Mbegu inapooteshwa, vimeng'enya vyake huanza kuvunja protini ili kulisha mche. Togwa inapochachuka, bakteria hufanya kazi inayofanana na hiyo. Na kila mtu anayekula dengu huzivunja mwenyewe: pepsini tumboni, kisha tripsini na kimotripsini katika utumbo mdogo, huendeleza kazi ileile ya maabara.

Hapo ndipo mashaka yanapoanzia. Hidrolisati inayonywewa haipiti tumboni salama. Vimeng'enya huendelea kuikata, na ukuta wa utumbo hupokea hasa asidi amino mojamoja pamoja na vipande vya asidi amino mbili au tatu. Vipande vichache virefu vinavyopenya hudumu kwa muda mfupi katika damu. Rangi ya zambarau iliyogeuka manjano katika kopo la kioo haithibitishi kwamba jambo hilohilo litatokea katika pafu la mtu aliyesaga mawe kwa miaka 10.

Majaribio kwa binadamu yalivyosema

Dhana kwamba vizuia-oksidisho vikiongezwa saratani itapungua imejaribiwa kwa watu wengi, na majibu yake yanapaswa kujulikana na kila mhudumu wa afya aliye jirani na machimbo.

Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 walipewa beta-karotini, vitamini E, vyote viwili au dawa bandia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wengine. Nchini Marekani, jaribio jingine liliwahusisha watu 18,314, wakiwemo wavuta sigara na wafanyakazi waliokuwa wamevuta vumbi la asbesto kazini. Walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwaka 1996 jaribio lilisitishwa kabla ya muda wake, kwani saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28 miongoni mwa waliokuwa wakizimeza. Jaribio la tatu liliwahusu wanaume 35,533 na saratani ya tezi dume. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba vitamini E iliongeza hatari hiyo kwa asilimia 17.

Protini za mimea nazo zimejaribiwa. Soya ina protini ndogo iitwayo kizuizi cha Bowman-Birk, ambayo katika wanyama ilionyesha dalili nzuri za kuzuia saratani. Ilipojaribiwa kwa watu wenye madoa meupe kinywani ambayo huweza kugeuka saratani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakuonyesha kwamba iliipita dawa bandia.

Jaribio la wafanyakazi wa asbesto lina funzo la pekee kwa Geita na Kahama. Wale walikuwa watu wenye mapafu yaliyokwisha kupokea vumbi, kama walivyo wachimbaji wa kwetu, na ndio walioongezewa hatari na vidonge vilivyodhaniwa kuwa kinga. Radikali huru huharibu seli nzima, lakini pia hudhoofisha seli iliyoanza kuasi. Anayezizima zote kwa dozi kubwa anaweza kuilinda seli ambayo mwili ungeiondoa. Kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa aliye katika tiba ya mionzi, au anayepewa dawa ambazo hufanya kazi kwa kuzalisha radikali ndani ya uvimbe, hashauriwi kutumia vizuia-oksidisho vya dozi kubwa bila daktari wake kujua. Mboga, matunda na mikunde ya mlo wa kawaida havimo katika onyo hili.

Protini kama chombo cha kubebea dawa

Sehemu ya pili ya utafiti huu, ile ya kubeba dawa, imesimama juu ya msingi imara zaidi, na mfano wake bora ni paklitakseli. Dawa hii ilianzia katika gome la mti wa kaskazini magharibi mwa Marekani lililokusanywa mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani walichapisha muundo wake mwaka 1971, na iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1992. Leo imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutumika kutibu saratani ya matiti, ya mfuko wa mayai na nyinginezo.

Tatizo lake ni kwamba paklitakseli haiyeyuki katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Suluhisho la kwanza lilikuwa kuiyeyusha katika alkoholi na mafuta ya mbarika yaliyobadilishwa kikemia. Mbarika huyohuyo huota kando ya nyumba na mashamba ya Kanda ya Ziwa. Kiyeyushi hicho huweza kuleta mzio mkali, na ndiyo maana muuguzi humpa mgonjwa deksamethasoni na dawa za kutuliza mzio kabla ya kufungua dripu. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha njia nyingine: paklitakseli iliyofungwa katika albumini, protini ya damu ya binadamu, ikiwa katika chembe zenye upana wa takriban nanomita 130. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe hizo hazihitaji kiyeyushi kile cha mafuta, na dawa huingizwa kwa takriban nusu saa badala ya saa 3.

Albumini ya binadamu hutokana na damu iliyochangwa, na bei yake ni kubwa. Hapo mbegu za shambani zinaingia katika hesabu. Protini ya mmea ina sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakimbia. Inapokatwa kwa kiasi, sehemu zinazoyakimbia maji, ambazo zilikuwa zimefichwa, hujitokeza na kukusanyika pamoja, zikiacha zile zinazopenda maji upande wa nje. Katikati ya mkusanyiko huo hubaki nafasi ambayo dawa isiyoyeyuka hupata makazi. Zeini, protini ya mahindi, imetumika sana kwa njia hii katika maabara. Soya, dengu na alizeti pia zimejaribiwa.

Mzigo unaobebwa mara nyingi katika majaribio hayo ni kurkumini, kiini cha rangi ya manjano ya jikoni. Katika kopo la maabara kurkumini huzuia seli za aina nyingi za saratani kukua. Lakini haiyeyuki vizuri, hufyonzwa kidogo sana na utumbo, na katika kimiminika chenye uchachu unaokaribia ule wa damu takriban asilimia 90 yake huharibika ndani ya nusu saa. Ikifungwa katika hidrolisati hudumu zaidi, na protini inayoibeba huilinda dhidi ya oksijeni. Hivyo kizuia-oksidisho na chombo cha kubebea huwa kitu kimoja, na hili ndilo linalowavutia watafiti.

Bado safari ni ndefu. Mishipa ya damu ya uvimbe huwa na matundu makubwa kuliko ya mishipa ya kawaida, na kwa miaka mingi ilitarajiwa kwamba chembe ndogo za dawa zingepenya humo kwa wingi. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walipitia tafiti za miaka 10 zilizofanywa kwa wanyama wakakuta kwamba, kwa kiwango cha kati, asilimia 0.7 tu ya dozi ya chembe hizo ndiyo iliyofika katika uvimbe. Nyingine huishia katika ini, wengu na figo. Protini ya mmea ikiingizwa moja kwa moja katika damu inaweza pia kuamsha mzio. Orodha ya Dawa Muhimu haina hata dawa moja ya saratani inayobebwa na hidrolisati ya mmea. Unga wowote unaouzwa leo kwa jina hilo hauna ushahidi wa tiba nyuma yake.

Nafasi ya Shinyanga katika utafiti huo

Mashudu ya alizeti na ya karanga yanayobaki baada ya mafuta kukamuliwa kwa kawaida huuzwa kuwa chakula cha mifugo. Mashudu ya alizeti iliyokobolewa vizuri huweza kuwa na protini karibu theluthi moja ya uzito wake. Kwa mtafiti, hiyo ni malighafi ya bei nafuu iliyo mlangoni, katika kanda yenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru na chuo kikuu cha afya pale Bugando, Mwanza. Lakini malighafi hiyo ina vikwazo ambavyo mtu anayejitengenezea unga nyumbani havioni.

Kikwazo cha kwanza ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri. Husababisha saratani ya ini, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016, mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Mtu anayesaga mashudu ya karanga yaliyovunda ili ajikinge na saratani anakula kisababishi cha saratani.

Kikwazo cha pili kimo katika pamba. Mbegu yake ina gosipoli, kemikali inayoilinda dhidi ya wadudu. Ng'ombe huihimili kwa kiasi. Binadamu huweza kupungukiwa na potasiamu katika damu, na wanaume kupoteza uwezo wa kuzalisha. Gosipoli imejaribiwa hata kama dawa ya saratani, lakini katika vipimo vya maabara na chini ya uangalizi wa madaktari. Mashudu ya pamba hayafai kuliwa na watu.

Kikwazo cha tatu ni figo. Mchimbaji ambaye figo zake zimekwisha kuathiriwa na zebaki, au mgonjwa mwenye shinikizo la damu la muda mrefu, anaweza kuzidishiwa mzigo na unga wa protini anaoumeza kwa vijiko bila kupimwa.

Sahani ya mgonjwa na ya mchimbaji

Usiache mbachao kwa msala upitao. Yale ambayo kopo la unga linaahidi kwa bei kubwa, sehemu yake iliyo ya kweli tayari imo katika chakula cha Kanda ya Ziwa. Mwili unahitaji asidi amino ili ujenge glutathioni, urekebishe tishu na kuzalisha chembe za ulinzi. Mtu anayeishi kwa ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi hana malighafi ya kutosha, hata akimeza vidonge vya aina gani.

Miongozo ya lishe humtaka mgonjwa wa saratani mwenye figo nzima apate zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, hadi gramu 1.5 panapowezekana. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 75. Gramu 100 za dengu kavu zina takriban gramu 20 za protini. Mayai mawili yana 12. Gramu 30 za dagaa wakavu zina karibu 17. Gramu 200 za unga wa mahindi au mtama huongeza kama 16. Jumla yake ni gramu 65, zilizopatikana sokoni bila kopo lolote. Nafaka ina upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, na mikunde inayo kwa wingi. Kwa hiyo ugali ukiliwa pamoja na dengu, choroko au kunde, kimoja hujazia upungufu wa kingine.

Dengu ziloweke usiku kucha, maji yamwagwe, kisha zichemshwe hadi ziive kabisa, kwani kuloweka na kuchemsha hupunguza kemikali zinazozuia protini kusagwa. Mgonjwa mwenye vidonda kinywani kutokana na dawa hupondewa rojo laini lililochanganywa na mafuta kidogo. Karanga zenye ukungu, zilizokunjamana au zilizobadilika rangi zitupwe. Kuzipa kuku ni kuirudisha sumu hiyo mezani kwa njia nyingine. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe kiasi chake na daktari au mtaalamu wa lishe.

Chakula hakizuii vumbi. Maji yatumike wakati wa kuchoronga na kusaga, ili vumbi lisipae. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe za silika. Barakoa maalumu ya vumbi laini ndiyo husaidia, tena ikikaa vizuri usoni. Zebaki isichomwe nyumbani wala jikoni, na wajawazito na watoto wakae mbali na mahali pa kuchomea. Chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke hupunguza sana kiasi kinachovutwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na lengo lake ni kupunguza, na inapowezekana kukomesha, matumizi hayo.

Maswali ya kuulizwa zahanati

Mhudumu wa zahanati iliyo jirani na mwalo wa kuchenjulia dhahabu ana nafasi ambayo daktari bingwa hana: humwona mgonjwa mapema. Kwa kila mtu mzima anayefika na kikohozi, udhaifu au kukonda, maswali manne yanatosha kuanzia. Amefanya kazi gani, na kwa miaka mingapi? Anachoma zebaki, au anaishi na anayeichoma? Anavuta sigara? Anatumia unga, mitishamba au vidonge gani kwa sasa? Swali la mwisho liulizwe bila kukaripia. Mgonjwa anayeogopa kulaumiwa huficha, na anachokificha kinaweza kugongana na dawa atakazopewa. Pilipili manga, kwa mfano, huchanganywa na manjano katika vidonge vingi ili kuongeza ufyonzwaji, nayo hubadilisha jinsi ini linavyozishughulikia dawa nyingine. Na vidonge vya manjano vya dozi kubwa vimehusishwa na madhara ya ini.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, na mchimbaji aliyepimwa akakutwa hana asiachwe aondoke bila mpango wa uchunguzi zaidi. Kukohoa damu, chakula kukwama kooni, uvimbe usiopungua, kutokwa damu ukeni kusiko kwa kawaida, damu kwenye mkojo na kupungua uzito bila sababu ni dalili za kupewa rufaa mara moja. Kwa mikoa ya Shinyanga na Geita, huduma za saratani zilizo karibu ziko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nayo hupokea wagonjwa kutoka nchi nzima.

Mgonjwa naye ana maswali yake ya kumuuliza anayemuuzia unga. Umesajiliwa na mamlaka ipi? Ulijaribiwa kwa watu wangapi, na wenye saratani ya aina gani? Ukiacha tiba ya hospitali ili uutumie, ni nani atakayewajibika? Muuzaji asiye na jibu la maswali hayo hajafanya utafiti, hata kama kopo lake limechorwa picha ya maabara.

Huenda siku itafika ambapo mashudu ya alizeti ya Shinyanga yatatoa protini inayobeba dawa ya saratani hadi kwa mgonjwa wa Geita, kwa bei ambayo hospitali ya mkoa inaimudu. Utafiti wa kufikia hapo unastahili kuungwa mkono, na wataalamu wa kanda hii wanastahili kuwa sehemu yake. Mgonjwa wa leo hawezi kuusubiri. Aliye na uvimbe aende akapimwe wiki hii, aliye kwenye karasha adai maji ya kutuliza vumbi, na dengu ziendelee kuchemshwa jikoni.